Sifuri Niliyoiandika Nachingwea

...na lile swali lako la mwisho sikulijibu, Somoe, kwa sababu Mwalimu aliingia jikoni na mihogo yake. Uliuliza, "Mama, ulijuaje kosa lilikuwa lako na si la mashine?" Nikajifanya natafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu. Ukanitazama, ukasema "sawa tu," ukatoka kwenda kuanua nguo zako za safari.

Hiyo "sawa tu" imenikaa kifuani tangu asubuhi. Sasa ni alasiri. Umekwenda kumuaga shangazi yako, Mwalimu yuko shuleni, nami nimeketi kwenye meza yake baina ya marundo ya madaftari. Barua hii nitaichomeka katikati ya nguo zako, chini ya sweta, uikute ukishafika Dar es Salaam. Habari za basi, za chakula na za watu wa kuwaogopa nimezisema mpaka zimekuchosha, sizirudii. Nataka kujibu swali. Nikilijibu vizuri nitakuwa nimejibu na jingine ambalo hukuliuliza.

Kwanza univumilie kidogo. Mama yako ni bibi harusi wa wiki tano, na bibi harusi wa wiki tano hawezi kuandika ukurasa mzima bila kumtaja mume. Naandika kwa kalamu yake, ina harufu ya chaki. Nikisikia kengele ya baiskeli yake naweka kitambaa sawa kichwani kama msichana wa kidato cha pili. Juzi alinipeleka uwanjani kutazama Namungo, timu ya hapa Ruangwa, mimi ambaye sijui nani anafunga upande upi. Akaninunulia muwa, akaumenya mwenyewe, akanikatia vipande vidogo kana kwamba sina meno. Nikashangilia goli, kumbe ni la wapinzani. Jamaa mmoja nyuma yetu akasema, "Mwalimu, mkeo anashangilia wageni." Akajibu bila kugeuka, "Mwache, amefurahi." Nilitembea njia nzima ya kurudi nikilirudia neno hilo moyoni. Amefurahi. Ni kweli, mwanangu, nimefurahi mpaka naona aibu, hasa mbele yako.

Na furaha hii ilianzia kwenye kosa unaloliuliza, kwa hiyo siwezi kusimulia moja nikaacha jingine.

Unalikumbuka lile ghala la korosho pale Nachingwea, ulikuwa ukilipita ukitoka shule. Niliingia kama mpiga chapa, na cheti changu cha kidato cha nne na vidole vyepesi. Mradi fulani ulipoleta kompyuta, fundi aliyeifunga aliondoka akaacha kitabu kinene cha C, lugha ya kuandikia programu, kimechanika jalada. Wenzangu walikiona kinafaa kuzuia mlango usijifunge. Mimi nikakibeba nyumbani. Baba yako alikuwa ameshatutoka miaka mitatu hivi, nami nilitafuta kitu kigumu cha kunishughulisha kichwa. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, wewe ukifanya hesabu zako upande wa pili wa meza ile ile. Wewe ndiye uliyeona kwamba kila mabano yanayofunguliwa lazima yafungwe, ulikuwa unaniangalia kwa jicho la pembeni kisha unaweka kidole: "Hapa, mama, hujafunga." Nadhani safari yako ya kesho ilianza na kidole kile.

Baada ya miaka miwili nikaandika programu ya foleni ya mizani. Mkulima akifika na magunia yake, karani anaandika jina na kijiji, na kioo cha kompyuta kilichogeuzwa dirishani kinaonyesha nani yuko zamu na nani anafuata. Kabla ya hapo zamu ilikuwa ya mwenye kifua kipana. Watu walisimama pale wakisoma majina yao, wengine wakiwasomea wasiojua kusoma. Nilijivuna sana, Somoe. Nilitembea mjini kama nimejenga daraja.

Huko uendako utafundishwa habari za memori ya kompyuta kwa maneno makubwa. Mimi nilizielewa kwa sufuria. Ukiwa na harusi unaazima sufuria kwa majirani, kila moja ina alama ya mwenyewe. Harusi ikiisha zinarudi, kwa sababu kesho kutwa kuna shughuli nyumba nyingine. Programu nayo huazima memori: nafasi ya jina hili, nafasi ya orodha ile. Kwenye C hakuna wa kukurudishia. Umeazima, rudisha mwenyewe. Usiporudisha, na ukasahau hata ulipoiweka, sufuria hiyo imekwenda. Ndiyo memori kuvuja. Moja si kitu. Lakini programu inayoazima kila dakika bila kurudisha itamaliza sufuria za mtaa mzima, na siku hiyo hakuna atakayepika.

Kompaila yetu, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, ilikuwa na kikaguzi cha mambo hayo. Unaandika namba moja kwenye mstari fulani juu kabisa, unaipitisha programu tena kwenye kompaila, na tangu hapo kila inapofungwa kikaguzi kinasimama mlangoni kama shangazi mwenye daftari: hii haijarudi, iliazimwa mstari namba fulani; na hii; na hii. Ukiandika sifuri, kinanyamaza.

Siku nilipokiwasha mara ya kwanza ilitoka taarifa ya kurasa nne. Nikaichapa. Jambo la kwanza kulalamikiwa lilikuwa orodha ya vijiji, ambayo programu huisoma asubuhi na kuishika hadi jioni. Hiyo haina madhara. Ni kama sufuria ya chai inayokaa jikoni tangu mwanzo hadi mwisho wa shughuli, hakuna haja ya kuikimbiza. Kitabu kilisema hivyo, nami nikajiambia kwamba zilizobaki bila shaka ni za namna hiyo hiyo. Sikuzisoma. Karani mwenzangu, Abdala, alitazama kioo akacheka: "Mama Somoe, mashine inakutukana kwa Kiingereza."

Kesho yake mkubwa wa ghala alikuwa analeta wageni waione programu. Sikutaka wageni wakute natukanwa. Nikarudi kwenye ule mstari, nikafuta moja, nikaandika sifuri. Kioo kikawa safi. Nilirudi nyumbani nikakupikia wali siku ile, katikati ya wiki, ukauliza kuna nini, nikasema kazi imeisha.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo. Nilijuaje kosa ni langu? Sikuhitaji kujua baadaye. Nililijua tangu siku nilipoifuta ile moja.

Msimu ulipofunguliwa programu ilikuwa nzuri asubuhi. Ikifika saa sita inaanza kuburuta miguu, saa nane imeganda. Abdala anaizima swichi ya ukutani, anaiwasha, na majina yote ya foleni yamepotea. Tunaanza kuwaandika watu upya huku wakigombea nani alikuwa nyuma ya nani. Nilipoijaribu mimi kabla ya msimu niliandika majina matatu, nikangoja kidogo, nikaridhika. Na matatu hayawezi kukuonyesha kitu. Kila walipouliza nilikuwa na neno moja tu la kuwapa: umeme. Kwa kuwa umeme wa Nachingwea enzi zile ulikuwa mgonjwa, kila mtu aliniamini. Au nilidhani hivyo.

Siku moja alikuja Mzee Chande wa Chiola na magunia saba. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mawingu yameshuka, watu wamekauka midomo. Zamu yake ilikuwa ya pili kutoka mbele pale mashine ilipoganda. "Ipeni chai hiyo mashine," mtu akapiga kelele nyuma. "Imefunga," mwingine akajibu, watu wakacheka. Mzee Chande hakucheka. Akaja dirishani.

"Binti, kumetokea nini?"

"Umeme, mzee wangu. Utarudi sasa hivi."

Akatazama juu ya kichwa changu, akanitazama usoni, akasema, "Haya." Akarudi kusimama na magunia yake. Tulipoandika majina upya katika ile vurugu akaangukia karibu na mwisho. Mvua ikanyesha, si kubwa, ile nyepesi isiyoisha. Alipofika kwenye mizani, mpimaji akaingiza mkono kwenye gunia, akautoa, akausugua kwenye suruali, akasema daraja la pili. Korosho ambazo mzee yule alizianika na kuzichambua na mkewe, moja moja. Hakubishana. Mimi nilikuwa nimekaa pale dirishani na kalamu mkononi, na nilijua.

Hata hivyo sikufanya kitu. Nataka ulione hilo vizuri, usije ukadhani mama yako alizinduka pale pale. Siku tatu nzima niliendelea kusema umeme.

Ndipo akaja Mwalimu. Walimu wa Ruangwa walikuwa wakileta mitihani kuchapwa kwetu, kwa kuwa mashine ya kuchapa ilikuwa kwetu. Yeye alitumwa na pikipiki ya shule, ikamgomea njiani pale Chinongwe, akamalizia safari juu ya lori la korosho. Akaingia ofisini ana vumbi mpaka kwenye kope. Nikampigia chapa mtihani wake wa hesabu, nikamtolea nakala ya kusahihisha, na kwa kubana matumizi nikaichapa nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika. Akaenda nazo alikofikia. Kesho yake akarudi.

"Mtihani wangu hauna kosa," akasema. "Lakini wewe, dada, umesoma upande wa pili?"

"Upande wa pili ni takataka."

"Upande wa pili kuna mtu analia kurasa nne. Na karibu kilio chote kinatoka mstari mmoja."

Nilikasirika, mwanangu. Mnyamwezi wa Tabora, amehamishiwa huku juzi tu, anasoma takataka zangu. Nikamwambia ghala lina kazi. Akasema atangoja. Akaketi juu ya gunia, akatoa kalamu, akawa anapiga mistari kwenye zile karatasi kama anasahihisha daftari. Saa nane mashine ikaganda mbele ya macho yake. Nikafungua mdomo kusema neno langu, nikashindwa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Ni mimi. Kulikuwa na kikaguzi, nikakizima."

Nilingoja acheke. Akasimama, akajikung'uta vumbi, akasema, "Basi tukiwashe."

Hakusema kiwashe. Alisema tukiwashe. Kama kuna dakika niliyoanza kumpenda mwanamume yule, ni hiyo, na kama utaniona mjinga kumpenda mtu kwa sababu ya herufi mbili, sina la kujitetea.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo la kuchekesha. Kioo kilijichora upya kila baada ya sekunde chache. Kila kilipojichora, programu iliazima nafasi ya majina yote ya foleni, ikimaliza inarudisha orodha, lakini majina yenyewe yaliyoning'inia kwenye orodha haikuyarudisha. Hiyo mashine ilikuwa imeshika majina ya watu waliokwisha kurudi makwao tangu asubuhi, mara elfu na elfu. Mwalimu, aliyewahi kusoma C chuoni, alinifundisha kuomba hesabu ya memori iliyoazimwa kabla ya kioo kujichora, kisha kuiomba tena baada ya kujichora, na kulinganisha. Zikitofautiana, tazama katikati. Hatukungoja jioni, maana kikaguzi chetu kilisema pale tu programu ilipofungwa kwa adabu, na Abdala na swichi yake ya ukutani hakuwahi kukipa nafasi hiyo. Nikaongeza mistari miwili. Siku iliyofuata mashine ikafika saa kumi na moja bila kukohoa, Abdala akaishika juu kama mama anayepima homa ya mtoto.

Na ile orodha ya vijiji? Kikaguzi kiliendelea kuilalamikia. Nikamwambia Mwalimu, ona, hii ndiyo iliyonifanya nikizime. Akanionyesha namna ya kuisamehe hiyo peke yake, kwa jina lake, na kuacha zingine zote ziendelee kusema. Hilo nakuomba ulibebe, Somoe, hata ukisahau mengine. Kazini kwako watakuwepo watakaokwambia zima, kinatuchelewesha. Kweli kinachelewesha, na programu utakayowapa watu unaweza kuitoa bila hicho kikaguzi. Lakini mezani pako kiache kiwake, na ukitaka kusamehe kitu, kwanza kisome, kisha kitaje kwa jina. Mimi nilisamehe nisichokisoma.

Jumapili nilikwenda Chiola. Nilimkuta Mzee Chande na mkewe wanapepeta mtama. Nikamwambia kwamba haikuwa umeme.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje, mzee wangu?"

"Umeme ukikatika na taa huzimika. Ile ya juu ya kichwa chako ilikuwa inawaka."

Mkewe akacheka mpaka akaweka ungo chini. Nami nikacheka huku machozi yananitoka. Kisha mzee akasema jambo lingine, kwa sauti ile ile ya kawaida: "Ungeniambia imeharibika, ningekwenda kuazima turubai. Ulisema utarudi sasa hivi, nikangoja." Magharibi ikaingia, tukafuturu. Mkewe akanipa uji. Magunia saba yalikuwa yamekwisha kwenda kwa daraja la pili na hapakuwa na namna ya kuyarudisha. Kosa la memori lilimchelewesha tu yule mzee. Kilichomlowesha ni neno langu.

Sasa lile swali usiloliuliza.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuwa unauliza mambo madogo madogo. Nani atakuchongea penseli. Viatu vyake vitakwenda wapi. Kama alikuwa anajua kwamba umeshika nafasi ya tatu darasani. Hilo la nafasi ya tatu ndilo lililonikata, kwa sababu hakujua; nilisahau kumwambia kule hospitali. Swali moja tu, Somoe. Ningeweza kusema, mwanangu, hilo moja liache kidogo linaniuma. Badala yake nilikwambia, "Habari za baba tusizitaje tena humu ndani." Ukatii. Ukawa mtoto mtulivu, majirani wakanisifu kwa malezi. Kioo safi.

Wiki tano zilizopita, ulipokuwa unarudisha sufuria za harusi yangu, jirani yetu Mama Zainabu akakupa moja ya kwetu, iliyobaki kwake tangu matanga ya baba yako. Ile ambayo baba yako aliigonga vitone vitatu kwa msumari pale ukingoni. Ukaja nayo ukaiweka sakafuni, mbele yangu na Mwalimu. Ukasema, "Hii ya baba." Nami nilivyokuwa na hina mikononi na furaha yangu mpya niliyoogopa isipasuke, nikasema, "Iweke kule nyuma." Ukasema sawa tu. Tukahamia nayo Ruangwa ndani ya gunia, na hakuna aliyeitaja. Umri huu wote, na mafunzo yale yote, nikaandika sifuri tena.

Leo mchana Mwalimu aliuliza, "Ile sufuria kule nyuma ni ya nani?" Nikamweleza. Nikamweleza na ya nafasi ya tatu, ambayo sijawahi kumwambia mtu. Akaenda kuileta mwenyewe, akaisugua kwa majivu mpaka vitone vikaonekana, akaiweka jikoni. Kisha akachukua baiskeli akaenda shuleni. Hataki kuitwa baba, amesema Mwalimu inamtosha na anaipenda. Kunde zinachemka ndani ya sufuria hiyo ninapoandika. Utakaporudi kutoka kwa shangazi yako utaikuta mekoni, nami sitajua niseme nini, ndiyo maana naandika.

Sijui unaionaje ndoa hii. Nimekuuliza mara nne na mara nne umenipa jibu lile lile, na kosa si lako, mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza. Ninachokiogopa si basi la kesho. Naogopa uende na kimya hicho, kiwe kirefu, siku moja nishtuke kwamba mwanangu amekuwa mtu wa kunitumia salamu tu. Kama unaona nimeharakisha, niandikie hivyo. Kama kicheko changu kinakuudhi, sema, na useme kinakuudhi lini. Kama Mwalimu amekaa kwenye kiti fulani ambacho hukutaka akalie, taja kiti. Sitaacha kumpenda, hilo nakwambia mapema, lakini viti vinahamishika.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Dar es Salaam. Nitakuja peke yangu. Mwalimu atakuja siku utakayosema wewe, na usiposema atangoja, kungoja anajua. Nitakuja na sufuria ya vitone vitatu nimeifunga kwenye kanga, nikupikie kunde za nazi kama alivyopenda baba yako. Tutakaa sakafuni, nawe utaanza kuniuliza upya, tangu lile swali la penseli. Kabla mwezi haujaisha, Somoe. Nitajibu yote.